MELI ILIYOPAKWA GRISI KABLA YA KUZAMISHWA



Twaomba nafasi katika gazeti letu hili tulijibu swali lililoulizwa katika mkutano wa tawi. Siku ile tulikuwa tukizungumza habari ya nafasi za mafundi ambazo zimeachwa wazi tangu wazee walipostaafu. Kijana mmoja wetu, mtu mwenye akili na aliyesoma kutushinda, akasimama akasema: "Ndugu, mnalilia watu wa grisi na nyundo wa nini? Dunia imekwenda mbele. Wamarekani na Waingereza wana manowari ziendazo chini ya bahari kwa nguvu za atomu. Hazitiwi makaa wala mafuta miaka na miaka. Mashine ya kisasa haimtaki fundi kila asubuhi." Wengine walicheka, wengine wakampigia makofi. Sisi hatukumjibu, maana saa zilikuwa zimekwisha na wenzetu wa zamu ya usiku walikuwa wamevaa makoti tayari. Twamjibu leo, wala si kwa hasira, kwa kuwa swali lake ndilo wakubwa wanalouliza vile vile, ila wao huliuliza kwa hesabu za mshahara.

Kwanza tuiangalie hiyo atomu. Manowari ya kwanza ya namna hiyo duniani ni Nautilus ya Wamarekani. Ilishushwa majini mwaka 1954, na mwaka 1958 ikapita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini. Ni kweli haikutiwa makaa. Lakini ndani yake kulikuwa na nini? Kulikuwa na madini ya urani, ambayo chembe zake zikipasuliwa hutoa joto kali. Joto hilo huchukuliwa na maji yaliyofungwa katika mabomba, nayo huchemsha maji mengine, na mvuke wake ukazungusha turbini, na turbini ikazungusha rafadha. Basi ni boila, ndugu. Kuni zake ni za ajabu, lakini ni boila. Wenzetu wa viwanda vya chai hapa Kericho na Bomet, ambao kila siku hutia magogo ya mkaratusi ili mvuke upate kukausha chai, wangeingia katika manowari ile wakaijua mara moja shida yake: mabomba, viungo vya mabomba, vali na pampu. Mahali palipo na bomba pana kiungo, na palipo na kiungo lazima pawe na mtu wa kukitazama.

Na asipokitazama? Tumwambie kijana wetu habari ya manowari nyingine ya atomu, jina lake Thresher. Ilikuwa mpya, iliingia kazini mwaka 1961, na Wamarekani walijivuna kwa ajili yake. Ilikaa karibu miezi tisa katika karakana ya meli kufanyiwa matengenezo. Mabomba yake ya maji ya bahari yalikuwa na viungo kwa maelfu vilivyolehemiwa kwa madini ya fedha. Mafundi walianza kuvipima kwa sauti isiyosikika kwa sikio, kama vile reli inavyoweza kupimwa. Walipima viungo 145, wakaona kwamba karibu 14 katika kila 100 havikufikia kipimo. Mtu mwenye busara angesema, basi tupime vyote vilivyobaki. Lakini kupima kunakula siku, na manowari ilitakiwa itoke. Kupima kukaachwa, manowari ikatoka.

Tarehe 10 Aprili 1963 Thresher ilizama kwenda kujaribiwa katika kina kirefu, na juu ya maji meli nyingine iitwayo Skylark ikiisindikiza. Kutoka chini ikaja habari kwamba kuna shida ndogo. Kisha kimya. Ilivunjika, ikalala zaidi ya mita 2,500 chini ya bahari ya Atlantiki, na watu 129 wakafa. Baraza la uchunguzi likasema yaelekea kiungo cha bomba kilifunguka penye chumba cha injini, maji yakaingia. Zaidi ya hayo, walipochunguza njia ya hewa iliyotakiwa kuyasukuma maji nje ili manowari iinuke, waliona kwamba unyevu uliomo katika hewa huganda kuwa barafu na kuziba chujio. Sisi tushughulikao na breki za hewa hatuna haja ya kuelezwa jambo hilo. Twajua kwa nini tangi la hewa hufunguliwa likamwagwa maji kabla ya safari, na twajua ni nani hulaumiwa lisipomwagwa.

Katika wale 129, watu 17 hawakuwa askari. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa karakana na mafundi waliokwenda pamoja na kazi ya mikono yao kuona itakavyokuwa. Hao ndio tunaowakumbuka sisi zaidi, ingawa ni watu wa mbali na kazi yao ilikuwa ya vita.

Baada ya msiba ule Wamarekani hawakusema manowari isiyohitaji fundi itafutwe. Walisema kinyume chake. Mwisho wa mwaka ule ule wa 1963 wakaweka utaratibu kwamba kila kiungo na kila boliti inayozuia bahari isiingie iwe na karatasi yake, yenye jina la aliyeifunga na jina la aliyeikagua. Tangu hapo imepotea manowari yao moja tu ya atomu, Scorpion, mwaka 1968, yenye watu 99, nayo ilikuwa haijapitishwa kikamilifu katika utaratibu huo. Hivyo ndivyo atomu ilivyowaondolea mafundi kazi.

Sasa tuje kwetu Afrika ya Mashariki, maana tunayo manowari yetu wenyewe, na historia yake ya kazi ni ndefu kuliko ya Nautilus. Tena ilikuwa mali ya reli. Vijana wengi wa reli hawaijui, nasi tunaona aibu kidogo kwamba ni hivyo.

Mwaka 1913, katika mji wa Papenburg, Wajerumani waliunda meli ya urefu wa karibu mita 70, kwa ajili ya Ziwa Tanganyika. Wakaiita Graf von Götzen, jina la gavana wao wa zamani, ambaye ndiye aliyekuwa akitawala wakati watu wa Maji Maji walipouawa. Jina hilo halikustahili kuandikwa penye chombo cha watu, nasi tunafurahi kwamba lilifutwa. Meli ile haikuja kwa maji. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, kisha ikapakiwa katika treni mpaka Kigoma, mahali ambapo reli ilikuwa imefika mwaka 1914 tu. Hebu fikirini kazi ile ya kupakia na kupakua, na watu weusi ambao mabega yao yaliyabeba masanduku hayo na majina yao hayakuandikwa na mtu yeyote. Pamoja na meli walikuja mafundi watatu wa kule kule ilikoundwa: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Wakaiunganisha tena kando ya ziwa, na tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini.

Wakati huo vita vilikuwa vimekwisha anza, kwa hiyo meli ya abiria na mizigo ikafanywa manowari. Ilifungiwa mzinga mmoja mkubwa uliotolewa katika manowari Königsberg, ile ambayo Waingereza waliiharibu katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915. Ikachukua askari juu na chini ya ziwa, na hakuna chombo kilichoweza kuikabili. Waingereza walileta mashua zao mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka Afrika ya Kusini kwa reli na kwa kukokotwa porini Katanga, nazo zikaiteka meli moja ndogo ya Wajerumani na kuizamisha nyingine. Lakini Götzen hazikuigusa.

Ilifika Julai 1916. Wabelgiji walikuwa wanakaribia Kigoma, ndege zao zilikuwa zimekwisha tupa mabomu, na ule mzinga mkubwa ulikuwa umeondolewa kwenda kupigana nchi kavu. Amri ikatoka kwamba meli izamishwe isipate kuangukia mikononi mwa adui. Jambo hili ndilo lililotufanya tushike kalamu. Mafundi wale watatu wangeweza kutia baruti wakakimbia, maana adui alikuwa karibu na hapana mtu angewauliza. Hawakufanya hivyo. Waliipaka injini grisi nene, sehemu kwa sehemu, wakaijaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai wakaizamisha taratibu ikalala chini ya ziwa. Walitumaini siku moja watarudi kuiinua.

Hatuwasifu kwa ajili ya vita vyao, maana vita vile viliwaua wapagazi wetu wa Kariakoo kwa makumi ya maelfu, na hapakuwa na faida yoyote kwao. Tunaisifu grisi. Shuleni kwa mamisionari tulifundishwa kwamba Nuhu aliambiwa aipake safina lami ndani na nje. Mwalimu wetu alipita upesi katika maneno hayo, akaharakisha kwenda kwa njiwa na upinde wa mvua, lakini sisi leo tunaona kwamba penye lami ndipo palipokuwa na kazi.

Matokeo yake ni haya. Baada ya vita Wabelgiji waliiinua meli ile, ikazama tena Kigoma. Waingereza wakaiinua mara ya pili mwaka 1924. Tangu kuzamishwa hadi hapo ni miaka 8. Walipofungua na kusafisha, wakakuta injini na boila bado zafaa kazi. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari kwa jina jipya, Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe. Reli ya Tanganyika ikaiendesha, na tangu mwaka 1948 ikawa chini ya Reli na Bandari za Afrika ya Mashariki, shirika moja na hawa baba zetu na babu zetu waliofanya kazi Londiani, Lumbwa na Kisumu. Injini zile zile zilizolala chini ya ziwa ziliendelea kwa mvuke mpaka miaka ya 1970, ndipo zikawekwa za dizeli. Mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika, Liemba ikabaki Tanzania.

Na kazi yake haikuwa ya kuchezea. Mwaka 1997 ilisaidia kuwarudisha kwao wakimbizi wa Zaire, zaidi ya 75,000, kutoka Kigoma. Mwezi wa Mei 2015, Warundi walipokimbia machafuko wakajaa katika kijiji cha Kagunga, mahali palipobanwa kati ya milima na ziwa, Liemba ikawachukua safari baada ya safari, watu mia kadhaa kila mara. Chombo kilichoundwa kwa faida ya gavana, kikafanywa cha vita, mwisho wake kinapakia mama na mtoto mgongoni. Mwishoni mwa miaka ya 2010 ikalazwa Kigoma kungoja matengenezo makubwa. Nautilus ilistaafishwa mwaka 1980, ikafanywa nyumba ya makumbusho. Labda si haki kuzilinganisha, maana Nautilus haikufa kwa kutu, ilipitwa na nyingine mpya. Lakini ndugu yetu wa atomu ahesabu mwenyewe: miaka 26 kwa moja, na kwa nyingine zaidi ya miaka 90 tangu 1927.

Karibu zaidi nasi ni meli Uhuru ya Kisumu. Hiyo iliundwa Glasgow na kuunganishwa Kisumu katika miaka ya 1960, ili ichukue mabehewa ya treni kuvuka Ziwa Victoria. Reli imewekwa juu ya sitaha yake, behewa huingia kutoka nchi kavu likatokea Uganda bila ya mzigo kuguswa. Mwanzoni mwa karne hii ililala gatini zaidi ya miaka 10. Mwisho wa mwaka 2019 ikaamshwa ikapeleka mafuta Port Bell. Nayo reli yetu yenyewe, iliyofika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, ile ipitayo Londiani, Kipkelion, Fort Ternan na Muhoroni, majani yaliimeza mpaka ikafufuliwa, na abiria wakaanza tena kwenda Kisumu mwezi wa Desemba 2021. Katika miaka ile ya usingizi chai yote iliyo juu ya vilima hivi ilishuka kwenda Mombasa kwa malori, na mpaka leo nyingi yaenda hivyo. Wachumaji waliipita stesheni kila siku wakaona ng'ombe wakilala penye jukwaa.

Tulikuwa miongoni mwa waliofyeka na kufungua. Tulikuta boliti za namna mbili. Zile ambazo wazee walizipaka mafuta kabla ya kuondoka zilifunguka kwa spana, zikalia kidogo tu. Zile zilizoachwa kavu zilikatwa kwa moto, na boliti mpya ikanunuliwa. Mtu hakuhitaji kusoma daftari lolote ili ajue gengi gani lilipita wapi.

Siku moja akatokea mzee mmoja mstaafu, na fimbo yake, akasimama kando ya tuta akitutazama. Tukamwamkia. Akasema, "Vijana wangu, hapo mnapoziba ndipo maji ya masika yanapotokea. Chini yake pana kalvati, mimi niliijenga upya na baba yenu." Tukachimba, tukaikuta kalvati, imejaa udongo. Kama si yeye, mvua ya mwezi wa nne ingelichukua tuta, na huenda treni juu yake. Alipewa chai na mandazi. Hakuna karatasi iliyokuwa na jina lake, wala hapakuwa na fungu la kumlipa hata nauli. Mzee yule amekwisha fariki. Tunajiuliza ni kalvati ngapi amekwenda nazo.

Tusiwalaumu wakubwa peke yao. Nasi tuna dhambi yetu, na tutaisema hapa bila kutaja mahali. Katika karakana moja tuliyofanya kazi zamani, tulikuwa wachache, na mabehewa yalitakiwa yatoke usiku ule ule. Msimamizi akasema, "Tieni sahihi, mtakagua yakirudi." Tukatia sahihi daftari kwamba beringi zote zimekaguliwa, nasi tulikuwa tumekagua chini ya nusu. Kesho yake penye mlima beringi ya behewa moja ilishika moto. Mwenzetu mmoja akaungua kiganja akijitahidi kuuzima. Akakosa siku 9 za kazi, nazo zikakatwa katika mshahara wake, kwa kuwa daftari lilionyesha behewa lilikuwa zima, na kwa hiyo kosa likawa lake. Sahihi zilizomkata mshahara zilikuwa zetu. Tulikwenda kumwona kwake na unga na sukari. Alitupokea vizuri, na hilo lilituuma kuliko kama angalitufukuza.

Thresher nayo iliondoka karakanani ikiwa na karatasi zake na sahihi za wakubwa.

Kwa hiyo, katika mkutano ujao sisi tutasimama na maneno matatu. Tutataka nafasi za mafundi zilizo wazi zijazwe, wala zisigawiwe juu ya migongo ya waliobaki. Tutataka iandikwe katika mapatano kwamba mfanyakazi hatalazimishwa kutia sahihi kwa kazi asiyoifanya, na akikataa asiadhibiwe. Na sisi kwa upande wetu tukubali kwamba atakayetia sahihi ya uongo kwa uvivu wake chama hakitamtetea. Tena tutataka wastaafu waitwe, walipwe posho ya siku, watembee na vijana juu ya njia na ndani ya karakana, waonyeshe wanayoyajua wakiwa bado na miguu. Wapo wakubwa watakaosema fedha hakuna. Tutawauliza bei ya boliti zilizokatwa kwa moto.

Wenzetu wa chai, ambao wameletewa mashine za kuchuma na wanajua kuliko sisi jinsi neno "mashine" linavyotumiwa kumnyamazisha mtu, tunawaomba mje mkutanoni. Jambo hili ni lenu vile vile, maana mashine ile nayo ina visu, na mtu ndiye anayesimama karibu na visu hivyo.

Na kijana wetu tunamwalika. Jumapili hii rafiki yetu mtunza boila amepata ruhusa atuonyeshe kiwanda kikiwa kimezimwa kwa usafi. Tutakutana mbele ya duka la chama saa tatu asubuhi. Aje na nguo za kuchafua. Na kila mwanachama anayemjua fundi mstaafu, wa njia, wa mabehewa au wa boila, kutoka Londiani mpaka Muhoroni na huku Kericho na Bomet, amletee katibu wa tawi jina lake na mahali akaapo kabla ya mwisho wa mwezi.